Siku Niliyoambiwa Nitoe Ulimi Kwenye Kibanda cha Video

Ushawahi kuambiwa wewe ni maiti huku umeshika birika la chai?

Mimi nishaambiwa. Mbele za watu, mchana kweupe, pale Bariadi.

Tulieni niwape mkasa.

Enzi hizo Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga. Biashara huria imeingia, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa mjini, na kila mwenye jenereta anafungua kibanda cha video. Bosi wangu, Mama Wilhelmina, alikuwa na cha kwake nyuma ya nyumba. Mjane, mkali, mtafutaji haswa.

Mimi nilikuwa dada yake wa kazi. Nafua, napika, nafagia kibanda, nawauzia watazamaji chai na maandazi.

Nilikuwa siongei. Siyo ububu. Nyumba ile ukiongea unaambiwa una mdomo, nikajifunza kufunga bakuli langu.

Jumapili moja ikaja katuni ya Kijapani. Kijana mwanafunzi, mpole, kajikuta anaishi na mabinti watatu wa kazi, wote maroboti. Wanapika, wanadeki, wanamgombania. Mmoja kila akipika anaunguza, na ndiye anayempenda kijana kuliko wote.

Watu walivunjika mbavu. Mtafsiri wetu alikuwa Masele, ambaye Kijapani hajui hata salamu. Alikuwa anatunga tu.

Kijana alipomfungua roboti mgongoni amtie chaji, Masele akadakia kwenye maiki: "Jamani, kumbe Wajapani nao wana misukule. Ya kwao inatumia betri."

Kibanda kizima kikacheka. Lakini kwetu msukule si kitu cha kuchezea. Ni mtu mliyemzika mkalia, kumbe mchawi kamchukua, kamkata ulimi, anamfanyisha kazi na kumlisha pumba.

Katuni ikaisha, ubishi ukaanza.

"Mke ndiyo yule," alisema Maduhu, karani wa pamba. "Hachoki, hanuni, hadai hela ya saluni."

"Na betri ikiisha?" Veronica, fundi cherehani, akamjibu. "Yule hakupendi, kawashwa. Mwenye moyo ni yule anayeunguza. Mtu haunguzi chakula kama mawazo yake hayajaenda mahali."

Moyoni nilikuwa upande wa Veronica. Ila yule roboti akiunguza, kijana anacheka. Mimi nikiunguza maharage, nakula matusi mpaka kesho yake.

Mama Wilhelmina naye akachangia. "Mnahangaika na wa Kijapani? Roboti wangu huyu hapa. Haongei, hachoki, wala sijawahi kumwona anakula."

Wote wakanigeukia, wakacheka tena. Angenionaje? Nilikuwa nakula ukoko jikoni, wao wakishamaliza.

Hapo ndipo mama mmoja akasimama nyuma kabisa.

Aliitwa Nyanjige, wa Ipililo. Alikuja mjini kuuza dengu, akaingia kibandani kupumzisha miguu. Akanifuata, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Salu," akasema. "Ng'wana wane. Mwanangu."

Salu alikuwa binti yake. Alimzika msimu uliopita, na mganga akamwambia mwanao hajafa, yuko kwa mjane fulani anafanyishwa kazi. Jirani aliyeongozana naye akanitazama, akaapa kwamba ndiye.

Kicheko kikakatika. Mtu akatoka nje akapiga yowe, na fimbo zikafika kabla hata jenereta haijazimwa.

Wa kwetu mnajua mjane akishaitwa mchawi mwisho wake ni nini. Mama Wilhelmina alijua pia.

Marcelo, kiongozi wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, akamuuliza jambo jepesi tu: "Huyu binti ni ng'wana nani?"

Mtoto wa nani. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Hata ng'ombe aliyepotea huulizwa ni wa nani.

"Ni dada," akajibu Mama Wilhelmina. "Namwita Dada."

"Jina lake?"

Mama Wilhelmina akajifunga khanga upya.

"Kwao wapi?"

"Huko... vijijini."

Fimbo zikainuka. Nimekaa kwake mwaka mzima, na jina langu ambalo lingemwokoa hakuwahi kuliuliza. Akanitazama machoni. Sikumbuki kama alishawahi kunitazama vile.

"Toa ulimi," Marcelo akaniamuru.

Nikautoa. Mzima.

Nikapiga magoti, nikasalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba. Nene Milembe, ng'wana Ngassa, wa Nkololo." Nikamtaja babu, nikataja na ukoo. Kisha nikachukua andazi, nikalila mbele yao, nikachukua na la pili maana njaa ilikuwa kweli.

"Jamani, roboti anakula!" Masele akasema. Watu wakashusha pumzi, wakacheka. Fimbo zikashuka. Mama Wilhelmina akakaa chini kwenye vumbi, akalia.

Kila mtu alifurahi kwamba mimi ni mimi.

Isipokuwa Nyanjige. Bado alikuwa ameushika mkono wangu, anavipapasa vidole kimoja kimoja.

"Basi Salu wangu amekufa," akasema.

Sijawahi kusikia neno zito kama lile. Mwaka mzima mama yule alikuwa anaomba mwanae awe msukule, ale pumba, akatwe ulimi, mradi awe hai mahali. Tumaini lile mimi ndiye niliyelizima, kwa kutaja jina langu.

Jioni Mama Wilhelmina aliniita. "Milembe, njoo tule mezani." Nikamshukuru, nikafunga kibegi changu. Nilikuwa nimeshamwahidi Nyanjige kumsindikiza Ipililo.

Kaburi la Salu lilikuwa limeota majani mpaka magotini. Mama yake hakuwahi kulipalilia, maana aliamini halina mtu.

Tulilipalilia wote wawili. Alilia siku ile kama ndiyo kwanza anazika, na mimi nikalia naye.

Wewe unayesoma hapa huku umeletewa chai: aliyekuletea anaitwa nani, na ni mtoto wa nani? Usisubiri fimbo ziinuke ndipo uulize.