Gamba Ndani ya Kitabu

Nimefungua kitabu cha baba, na pamoja na harufu ya karatasi kuukuu limeniangukia mapajani gamba kavu la samaki.

Tulikuwa tunakaa Mirongo. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akawa anashinda kwenye kiti chake cha kamba akisoma hadithi za mpelelezi anayefumbua mauaji bila kuinuka kitini. "Humu angalau kila kitu kina jibu," alikuwa akisema, na kabla ya sura ya mwisho alishamtaja muuaji.

Alikuwa ameapa kwamba mkewe hatauza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Mama akawa anaaga kila mchana kwamba anakwenda kwaya.

Jioni moja aliingia ananuka mafuta ya kukaangia, gamba limemganda kwenye nywele.

"Baba, leo na mimi nimepeleleza!" nilisema kwa furaha. "Mama anatoka..."

"Kwaya," baba alinikatiza. "Mama yako anatoka kwaya."

Akambandua lile gamba taratibu, akalibana katikati ya kitabu, akaendelea kusoma. Ukurasa haukugeuka mpaka giza likaingia.