Mbwa wa Msafara Juu ya Duka la Nguo

Sisi tuliokulia Bagamoyo wakati misafara ya bara ingali inaingia mjini kwa bunduki na vigelegele, tulikuwa watoto wa kweli. Nawatazama hawa wangu wa leo: wana viatu, wana taa ya mafuta, mmoja ana baisikeli inayomwangusha kila Ijumaa, na bado wananinung'unikia kwamba chai ina majani. Majani! Mimi nilikunywa uji wa mtama wenye mchanga, nikautafuna mchanga, nikakua, na leo mwenye nyumba tatu za mawe katika mji huu ni mimi, si mwalimu wao. Chuoni nilifika alifu na be, nikaikimbia te. Lakini nilikuwa sijaota hata udevu mmoja nilipomfundisha mbwa mzima kukaa ghorofani, kazi iliyowashinda watu wenye vilemba.

Wenzangu wa rika mnaukumbuka mji ule. Asubuhi ulinuka mbata, papa mkavu na jasho la watu waliotembea miezi. Mchezo wetu ulikuwa msafara: mmoja mnyapara mwenye fimbo, wengine wapagazi wenye mawe kichwani, na yule mnene tulimkalisha njiani awe chifu wa kutudai hongo, ule ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Tulimlipa makumbi ya nazi, naye akayapokea kwa dharau kama chifu kweli.

Baba yangu alikuwa pagazi. Alikwenda bara na robota la nguo, akarudi na pembe ya ndovu begani, na safari moja akarudi na mbwa. Si kitoto, mbwa mzima, mwekundu, sikio moja limeliwa na mnyama ambaye kila baba akisimulia alizidi ukubwa: leo fisi, kesho chui. Jina lake Hongo. "Ugogoni tulidaiwa kila kitu," baba alisema, "nguo, ushanga, mpaka sufuria. Huyu peke yake walimkataa."

Baba hakukaa. Akapata msafara mwingine, na mnyapara wake hakutaka mbwa. Mlangoni akatuambia, "Nikirudi nimkute. Nisipomkuta nitajua mmemla."

"Na akitula sisi?" mama akauliza.

"Basi nitamkuta kanenepa."

Sasa, tulikuwa tumepanga chumba cha juu katika nyumba ya Bwana Jafari, Mhindi aliyeuza nguo pale pale chini. Sakafu yetu ilikuwa boriti na mawe, na chokaa imechoka. Ukimwaga maji juu, chini wanapata habari. Na Hongo hakuwahi kulala chini ya paa tangu azaliwe. Siku ya pili tu, sauti ikapanda ngazi.

"Mama Sudi! Shuka, mama! Shuka uone mbwa wako alivyonifanyia!"

Tukashuka. Robota jipya la merikani, ile nguo nyeupe ya pamba, lilikuwa na ramani ya manjano.

"Tutaifua, bwana," mama akasema.

"Utaifua mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyosema, halafu nitauza nyuzi? Nani atasalia nguo hii? Nimwuzie huyo mbwa?" Akainua kidole. "Tone moja tena, mbwa atoke. Asipotoka yeye, mtoke nyote."

Na tungekwenda wapi? Kwao mama ni Ukwereni, upande wa Fukayosi, na kaka zake walikwisha kumwambia kwamba akiolewa na pagazi asirudi kuomba hata kivuli. Kwa hiyo mkojo wa mbwa ule ndio uliokuwa umeshika maisha yetu.

Nilianza kazi. Ngazi ilikuwa tabu ya kwanza. Kupanda alipanda, kushuka akasimama pale juu akitetemeka, mbwa aliyevuka mito yenye mamba! Nikawa namshusha mabegani kama robota. Nikamtembeza sokoni, pwani, mpaka mashambani. Alinusa kila kitu kama mnunuzi mwenye shaka, hakuacha hata tone. Tukirudi chumbani, nikigeuza mgongo tu, kashafanya. Mara nyingi niliwahi kukausha kwa jivu, na jivu lile ndilo lililotuweka mjini.

Bi Mwanahawa, jirani yetu wa chumba cha pili, alikuwa akipita ukumbini ameinua nguo mpaka magotini. "Mshikeni mwenzenu, miye nimetia udhu!" Lakini ushauri hakutunyima. "Mpakeni pilipili."

"Wapi, bibi?"

"Najua miye? Nyie ndio wenye mbwa."

Mama naye alijaribu njia ya kwao, kumsugua pua pale pale alipokosea. Hongo akapiga chafya, akamtazama kwa huruma. Tangu hapo mama akaapa hatamgusa tena kiumbe yule.

Siku moja nimekaa naye juu, ana mfupa, ametulia kama kadhi. Huko kambini, misafara inakolala, ikalia barghumu, ile pembe kubwa ya tandala inayopigwa msafara ukitaka kuondoka. Hongo akaacha mfupa, akasimama, akafungulia. Niliwahi kumtilia kifuu cha nazi, kikajaa. Na hapo hapo, mimi niliyekimbia te, nikaelewa. Baba alikuwa ametusimulia: safarini barghumu hulia alfajiri, na kabla mizigo haijainuliwa kila mtu huingia porini kumaliza haja zake, maana mstari ukishaanza kwenda hangojwi mtu. Mbwa huyu alilelewa hivyo. Akiisikia pembe, haja ni sasa. Asipoisikia, anabana mpaka amezidiwa. Adabu alikuwa nayo, ila ilikuwa adabu ya wapagazi.

Nikaenda kambini na muhogo wa kuchemsha, nikapewa barghumu yenye ufa. Alfajiri nikasimama uani, nikapuliza. Hongo akashuka ngazi peke yake, vidato vya mwisho akaviporomoka, akaenda moja kwa moja kwenye mnazi. Mkojo ule, jamaa zangu! Mrefu, wa mtu mwenye nafasi yake.

Nikawa mfalme. Chumbani hakuna jivu, chini hakuna kelele. Mpaka ukaja msafara mkubwa kulala kambini, nami sikuwaza. Nikapuliza kama kawaida. Wapagazi wakaamka, wakaingia vichakani, wakajitwika, wakaondoka. Mnyapara wao alikuwa bado amelala na tembo lake la mnazi kichwani. Aliwakuta mtoni Kingani, wamekaa wanamsubiri yeye.

Akarudi mjini na fimbo. Bwana Jafari akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Namtaka huyo mtoto," mnyapara akasema. "Watu wangu wamefika Kingani peke yao!"

"Hongera. Wengine hawafiki kabisa."

"Jafari, usinicheke. Nitamchapa."

"Mchape. Halafu mbwa akakojoe wapi? Juu ya merikani unayoinunua wewe?"

Mnyapara akafikiria nguo zake. Fimbo ikashuka, lakini barghumu akaichukua, na akaapa kwamba akiisikia tena mjini hatamsikiliza mtu. Alipoondoka, Bwana Jafari akanigeukia. "Sharti ni lile lile, Sudi. Tone moja."

Alfajiri nikaenda uani nikajaribu kwa mikono. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua, na Hongo akabaki juu ya ngazi akinishangaa. Ndipo mama akashuka. Akajifunga kaniki vizuri, akakutanisha viganja mdomoni, akaivuta tumboni huko: "Puuuuu-u!" Kuku waliruka. Hongo alinipita kama mshale.

Dirisha la Bi Mwanahawa likafunguka. "Mama Sudi, umepandisha pepo?"

"Nimeshusha mbwa, bibi. Lala."

Basi ikawa hivyo. Kiangazi na masika, mama yangu, aliyeapa kutomgusa, alisimama uani kila alfajiri akipiga pembe isiyokuwapo. Tone halikuanguka tena. Ikafika mahali Bwana Jafari anawaambia wanunuzi wake kwamba juu yake anakaa mbwa mwenye adabu kuliko wapangaji wote wa mji.

Baba akarudi, akamkuta, tena kanenepa. Alipomwona mke wake uani na viganja vyake mdomoni, alicheka mpaka akakaa chini. Akapumzika kidogo, akapata msafara tena, na mnyapara wa safari hii hakuwa na neno na mbwa. "Hongo twende," akasema. "Maisha ya dirishani umeyaona, yatosha."

Barghumu ya kweli ikalia. Hongo akashuka mbio, akaenda kwenye mnazi, akamaliza. Baba alikuwa mstarini, mzigo kichwani, shingo haigeuki. Akapiga mluzi. Hongo akamtazama, akatikisa mkia, akageuka akapanda ngazi kurudi chumbani.

"Mama Sudi!" baba akapiga kelele akiwa anakwenda, maana mstari haumngoji mtu. "Mmeniharibia mbwa!"

Tulicheka, mimi na mama, mpaka mstari ukaisha. Safari ile ndiyo hakurudi.

Siku hizi mizigo ya bara inakwenda kwa gari moshi, na wapagazi wamebaki wazee wa kusimulia magoti yao. Vijana wanakwenda Tabora na kurudi kabla nguo zao hazijachakaa, na baba mtu akiingia nyumbani mtoto hainui uso kwenye kikombe, anauliza tu ameletewa nini. Mimi nimejenga, nimeoa, nimezika, sina ninachomwonea mtu wivu. Lakini katika miaka ile, kila msafara ulipoingia tulishuka barabarani, Hongo mbele, mama nyuma yake, nami nyuma ya mama, tukipita tukichungulia nyuso chini ya mizigo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.