Uzi Uliong'aa Ukanitia Aibu

Nianze na ukweli kabla sijapata akili ya kuuficha: kosa ni langu. Si la jua, si la lengalenga, wala si la yule binti. Langu mimi, fundi mzima mwenye mvi, niliyebadilisha uzi nikanyamaza!

Nashona hapa mtaa wa Asiatique, kwenye baraza ya duka la vitambaa, miaka mingi sasa. Harusi nyingi za mji huu zimepita chini ya sindano yangu. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Siku moja akaja binti nitakayemwita Kaneza, mwanafunzi wa chuo kikuu. Wazazi wake walikuwa jirani zetu kabla ya kuhamia Musaga, na mimi ndiye niliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule. Sasa alitaka kitambaa kinachotoa umeme wa jua! Nilicheka mpaka tepu ikanidondoka shingoni.

Akanieleza polepole. Vitambaa viwili vinalala kimoja juu ya kingine. Cha juu kinapakwa uji wa unga mweupe, kisha kinalowekwa kwenye maji mekundu ya lengalenga, ule mchicha mwekundu, maana rangi hiyo ndiyo inayokamata jua. Cha chini kinapakwa masizi. Katikati, matone ya iodini. Na vyote viwili nivishone mistari ya uzi wa chuma iliyobanana. Mistari hiyo ndiyo elektrodi.

"Tonton, umeme inazaliwa mu rangi, lakini inatokea mu uzi. Bila uzi, apana kitu." Tonton, yaani mjomba, ndivyo anavyoniita tangu utotoni.

Kipande cha kwanza, ukubwa wa kiganja, nilikishona vizuri. Akakiweka juani, kipimo chake cha umeme kikacheza. Tulipiga makofi hadi mwenye duka akatoka kuuliza nani kaoa!

Kikabaki kile kikubwa, cha kuwaonyesha maprofesa siku ya kutetea kazi yake ya mwisho. Akishindwa, anarudia mwaka, na baba yake alikwisha sema habari za kurudia hataki kuzisikia.

Jamani, ule uzi wa chuma! Mkaidi, wa kijivu, ulinivunjia sindano nne mchana mmoja. Na hapo mezani palikuwa na uzi wa rangi ya fedha uliobaki baada ya kushona gauni la bibi harusi. Unang'aa, unateleza wenyewe. Nikajiambia, kinachong'aa si ni chuma? Tena huu unapendeza, na maprofesa nao wana macho! Nikashona chote kwa huo.

"Tonton, mbona hii uzi inang'aa hivi?" Kaneza akauliza.

"Nimeupiga pasi, maman." Uongo wa kwanza huo.

Akaenda kupaka mambo yake. Siku chache baadaye akarudi, macho mekundu. Kipimo hakichezi! Alikuwa amebadilisha lengalenga, amekoroga unga upya, bado.

"Mi sijuwe tena nifanye nini. Pengine sina akili ya hii kazi."

Jua la siku ile lilikuwa linakaanga watu. Nikatazama juu, nikasema, "Pengine ni mawingu." Astaghfirullah!

Alipokwenda sokoni kutafuta lengalenga nyingine, aliacha kipimo chake mezani kwangu. Kikigusa chuma, kinalia. Nikagusisha uzi wake wa kijivu: piii! Nikagusisha ule wangu: kimya. Plastiki tupu iliyopakwa mng'ao!

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Siku mbili zilikuwa zimebaki, tungeshona upya. Lakini niliona haya. Nikiri mbele ya mtoto niliyemshonea sare kwamba sijui uzi? Nikameza maneno.

Siku yenyewe alinialika. Nikavaa kanzu yangu nzuri, nikakaa nyuma. Kitambaa kikubwa kikalala pale mezani kama leso; kipimo hakikucheza. Profesa mmoja akamuuliza alipima nini na nini. Kaneza akataja rangi, unga, masizi, iodini. Na uzi je?

"Uzi sikupima," akajibu kwa Kifaransa nilichokielewa vizuri mno. "Alishona Tonton."

Wengine wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Hakupita. Nilimwambia ukweli kwenye ngazi, pale nje, huku nalia kama mtoto. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia!

"Si ungesema tu sindano zimevunjika, Tonton? Ningeleta zingine."

Sindano! Mwaka mzima wa mtoto wa watu, kwa sababu ya sindano!

Nilikwenda Musaga kwa miguu yangu, nikakiri mbele ya baba yake. Akakubali binti arudie. Mimi hakunikaribisha kukaa.

Mafundi wenzangu, na wewe uliyekabidhiwa kazi ya mtu: ukibadilisha kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama ulichoweka kinapendeza zaidi. Usisingizie mawingu!

Kaneza bado anakuja kwangu, na salamu zake ni zile zile. Lakini kabla sijatunga uzi kwenye sindano, anatoa kipimo chake, anaugusa. Piii.

"Sawa, Tonton, shona."

Zamani uzi wangu alikuwa haupimi.