Siku Mchawi wa Halloween Alipogandia Khanga Yangu

Najua wengi wenu mmeshaiona ile video, kwa hiyo sina sababu ya kujifanya siyo mimi. Ni mimi. Yule mama wa gauni la kijani anayevutana na meza ya kupigia pasi kama anavuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani, ni mimi Liza, mzaliwa wa Kahama, mwaka wa nane huu niko Guangzhou, huku China, na kilichoniponza siyo pasi wala gundi, ni wivu, na leo nausema wote maana nimechoka kusikia watu wakiusimulia nusu nusu.

Tabitha nilimpeleka kule mwenyewe, kwa miguu yangu. Kazi yangu mnaijua, napokea wafanyabiashara kutoka nyumbani, nawazungusha kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, nawatafsiria, nawakagulia mzigo kabla haujafungwa, na kwa miaka sita nguo zangu nyingi zilikuwa zinashonwa kwa Mama Huang, mwenye karakana ya ghorofa ya tatu pale Kangle, mtaa wa mafundi nguo. Mama Huang nilikuwa namhesabu ndugu. Nikiingia napewa kiti, napewa supu (ile supu yao ya mifupa na mahindi, inachemka kutwa nzima), halafu ndiyo tunaongea kazi. Sasa Tabitha akaja, binti wa Njombe, mpole, mumewe anasoma chuo kikuu hapa, yeye anashinda chumbani akilia upweke, na kwao alikuwa fundi cherehani. Nikamwonea huruma. Nikamwambia twende mdogo wangu, nikupeleke mahali ukashike hata uzi usije ukachanganyikiwa.

Miezi mitatu tu, jamani! Miezi mitatu, naingia karakana, supu inapelekwa kwa Tabitha kwanza. Kiti cha karibu na feni, cha Tabitha. Mama Huang anamwita "meimei", yaani mdogo wangu, wakati mimi miaka yote sita naitwa "pengyou", rafiki, jina ambalo hapa Guangzhou anaitwa kila Mwafrika anayepita mbele ya duka hata kama hanunui. Na Tabitha mwenyewe Kichina hajui, anatabasamu tu! Mimi nimejifunza lugha nzima na lahaja zake, nimeitwa pengyou, yeye ametabasamu, ameitwa mdogo. Niliumia, sitaki kusema uongo. Nilikuwa nikirudi nyumbani nahesabu nani kapewa nini.

Basi ikawa Aprili, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara kule Pazhou, Mama Huang akampata mnunuzi, mama mmoja wa Kanada, anayetaka vitambaa virefu vya katikati ya meza kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya Wazungu ya maboga na mizimu (ni ya Oktoba, lakini mambo ya Oktoba huku yanashonwa Aprili). Mama Huang akatuonyesha picha: kitambaa cha rangi ya boga, juu yake mchawi mweusi kwenye ufagio, paka, na neno HALLOWEEN, vyote vimekatwa kwenye vitambaa vingine, vikabandikwa na kuzungushiwa zigizagi ya cherehani. Mnunuzi angekuja Jumanne kuona sampuli, na akiridhika, karakana ingekuwa na kazi hadi Agosti. Mama Huang akaichukua ile picha, akanipita mimi, akampa Tabitha.

"Wo ye hui," nikasema. Hata mimi naweza.

Hapo ndipo ilipoanzia. Maneno matatu. Ukweli ni kwamba mimi naweza kushonea kifungo na kupandisha pindo la suruali, basi. Mama Huang akacheka, akaniangalia, akaona sicheki, akasema haya, shoneni wote wawili, mnunuzi atachagua. Tabitha akafurahi kabisa, akanishika mkono, "Dada Liza, kumbe na wewe fundi! Ukikwama niulize."

Ukikwama niulize! Mimi nimuulize yeye!

Jumamosi nikapita karakana, Tabitha kashuka sokoni kutafuta uzi, karatasi zake ziko mezani. Ni karatasi za gundi, zina gundi upande mmoja, unachora umbo juu ya karatasi, unaibandika kwa pasi nyuma ya kitambaa, unakata, unabandua karatasi, gundi inabaki kwenye kitambaa. Nikachungulia. Nikaona herufi zake zote kazichora kinyume! Nyuma mbele, kama zinavyoonekana kwenye kioo. L inaangalia kushoto, N imepinda vibaya, hata mchawi anaruka kwenda upande usio wake. Jamani, nilisikia raha. Nilisikia raha ambayo sikuisikia hata siku mzigo wangu wa kwanza ulipofika salama. Nikapiga picha na simu, nikaenda kusimama dirishani kama mtu anayepunga hewa.

Tabitha akarudi na uzi wake. "Dada, umeziona karatasi zangu? Ziko sawa kweli?"

"Safi sana," nikasema. "Endelea hivyo hivyo."

Nilivyoshuka ngazi nikampigia Wambui, Mkenya wa Nakuru tunayesali naye, mdomo wake mnaujua. Nikamwambia Jumanne usikose, njoo na wenzako wa kwaya, yule fundi wetu kaandika herufi nyuma mbele, atampa mnunuzi neno lisilosomeka.

"Ai, na umemshow?" Wambui akauliza.

"Si fundi? Atajua mwenyewe."

Nikaingia kazini sasa. Cherehani ya umeme nimeazima, nimejifungia ndani Jumapili baada ya ibada. Nikachora zangu vizuri, zinasomeka, nikabandika, nikakata, nikabandua karatasi, nikazigeuza gundi iwe chini. Zikawa nyuma mbele.

Hapo mtu mwenye akili angeelewa. Ukichora sawa inatoka kinyume, ukichora kinyume inatoka sawa, kwa hiyo Tabitha alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi nilikuwa mjinga mwenye simu. Moyo wangu ulijua. Nikauambia unyamaze. Kitambaa cheusi cha kukata tena kilikuwa kimeisha, na kumpigia Tabitha nimuulize, afadhali nife. H, A, O na W hazikuwa na shida, E nikazipindua kichwa chini zikakaa, lakini zile L mbili na N ziligoma, na mchawi na paka walikuwa wanaondoka mezani badala ya kuja. Basi hivyo vilivyogoma nikavigeuza upande wa pili. Kitambaa cheusi mbele na nyuma ni kimoja, nani atajua? Gundi ikawa juu badala ya chini. Nikabana kwa pini, nikazungushia zigizagi, cherehani ikinitoroka kila kona (kofia ya mchawi ilitoka kama karoti), nikatazama, nikaona siyo mbaya. Iling'aa kidogo tu, kama imepakwa mafuta.

Jumanne nikavaa gauni la kijani, na mabegani nikatupia khanga. Na khanga yenyewe niliichagua. Iliandikwa UMENIKUTA, UTANIACHA. Wachina hawaisomi, Mkanada haisomi. Tabitha angeisoma.

Akaisoma, nilimwona. Macho yalipita kwenye maandishi, akainama, akasema taratibu, "Khanga nzuri, Dada." Nikajiona mshindi.

Mnunuzi alikuwa ameshafika, mama wa makamo mwenye miwani, kakaa kwenye kiti cha feni. Wambui na wenzake wawili wamejipanga ukutani kama wageni wa harusi. Mafundi wanaendelea kushona. Sasa ile ilikuwa wiki ya unyevu, mnaijua, kuta za Guangzhou zinatoka jasho na nguo haikauki, na vitambaa vyetu vyote viwili vikawa vimelegea kama mboga za jana. Mama Huang akasema ngoja tuvinyooshe kwanza. Akaanza na changu. Akaniheshimu, ndiyo, akaanza na changu! Huwa hapigi pasi sampuli bila kitambaa cha kufunikia, na hicho kitambaa siku hiyo hakikuonekana, basi akanyoosha mkono, akavuta khanga mabegani mwangu, akaitandaza juu ya mchawi, akashusha ile pasi nzito ya mvuke.

Nilijua. Sekunde ileile nilijua. Nikasema "Ngoja!" kwa Kiswahili, Kichina chote kikanitoka.

Pasi iliponyanyuliwa khanga haikunyanyuka. Mama Huang akaivuta kidogo, kitambaa kizima kikaja nayo. Akanitazama. Nikasema hakuna shida, hakuna shida, nikashika khanga kwa mikono miwili nikavuta, meza ikasogea, nikaweka mguu kwenye tendegu nikavuta tena (hapo ndipo video inapoanzia, asante Wambui), zigizagi yangu ikafumuka kwa mlio mmoja mrefu, na mimi nikarudi kinyumenyume nikakaa ndani ya kapu la makoni ya uzi. Khanga nimeikumbatia. Juu yake mchawi, paka asiye na mkia, na L moja.

Cherehani zikanyamaza. Kama hujawahi kuingia karakana ya Kangle huwezi kujua ukimya huo una uzito gani, mle ndani kelele hazikatiki asubuhi hadi jioni, zikikatika ujue ama umeme umekwenda, ama wewe. Halafu fundi mmoja akacheka, wakacheka wote.

Mnunuzi, kwa wema wake, akasogea kunisaidia kuinuka, akaona maandishi ya khanga, akauliza kwa Kiingereza yanasema nini. Akamuuliza Tabitha.

Nilifumba macho. Nikasema sasa ananilipa, na ana haki.

Tabitha akamjibu polepole, "Yanasema, umenikuta hapa na utaniacha hapa. Maana yake mwenyeji hahami. Karibu wakati wowote." Yule mama akaweka mkono kifuani, akasema ni maneno mazuri sana.

Afadhali ningepigwa kofi, lisingeniuma hivyo. Lakini haikuishia hapo. Tabitha alikuwa ameinama ananitolea L kwenye khanga, akaipitishia kidole, akauliza bila ubaya wowote, "Dada, mbona gundi iko juu? Ulichora herufi zikiwa sawa nini? Kwenye karatasi huwa zinachorwa kinyume."

Na Wambui, simu bado iko juu, akadakia, "Aki Liza, si ulituambia ni yeye amechora nyuma mbele? Si ndio ukatuita tukuje tuone?"

Tabitha akaacha kubandua. "Jumamosi uliona ukadhani nimekosea?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Ukaniambia niendelee."

Hakugomba, hakulia. Alinikabidhi ile L mkononi, akaenda kukunjua kitambaa chake mezani, herufi zimenyooka, mchawi anaruka anakotakiwa kuruka, kila pembe imezungushiwa uzi kama imechorwa na kalamu, na mnunuzi hata hakukaa tena, alibaki anakipapasa. Kazi ilipatikana saa ileile. Mama Huang akamimina chai, akanipa na mimi kikombe.

Wiki tatu Tabitha alikuwa akiniona ananiambia "Shikamoo," basi. Zamani ilikuwa "Dada Liza!" na kicheko juu. Shikamoo yake ilikuwa na adabu zote, na ilikuwa mlango uliofungwa. Wiki ya nne nikapanda zile ngazi bila khanga, bila mzigo, nikamkuta anakata vitambaa vya rangi ya boga, nikamwambia yote, supu, feni, meimei, hata kuhesabu nani kapewa nini. Nilijua nikiyasema kwa sauti yatasikika ya kitoto, na yalisikika ya kitoto kweli.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, Dada," akasema. "Lakini nilikuuliza wewe kwa sababu hapa mjini nilikuwa na wewe tu. Hilo ndilo linaloniuma, siyo hizo herufi."

Nikavuta kigoda, nikaanza kumkatia nyuzi zilizoning'inia, na nimeendelea kuzikata kila Jumamosi hadi leo, maana kazi ni nyingi na mikono yangu kwa cherehani mmeiona wenyewe. Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Juzi tu Mama Huang kamletea machungwa, nikasikia kifua kinapata joto. Lakini nimejiwekea nadhiri: sitaunyamazia tena, nitausema hapohapo, kwa mwenyewe, kabla haujapata kazi ya kufanya.

"Tabitha," nikamwambia palepale mbele ya hayo machungwa, "leo nakuonea wivu."

Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani. "Haya, nimesikia. Umemaliza? Basi nikatie na huu uzi wa huku."