Mgeni Asiyeruhusiwa Kuandika

Asubuhi hiyo mama alianza kuteremka kutoka Lemera, alikokwenda kumwuguza dada yake. Mvua ilipoanza kupiga milimani, simu yake haikupatikana tena. Nikawa nazunguka nyumba yetu ya Nyamianda, natoka barabarani, narudi ndani, natoka tena.

Jirani yetu, mama muuza samaki wa ndagala, alinionea huruma. "Ingia mu gurupe ya simu ya watu wa barabara ya Plaine," akasema. "Kule wanajuaka kila kitu."

Nikajiunga, nikaandika kwamba namtafuta mama, kavaa kitenge cha kijani. Jibu likaja papo hapo: ujumbe wa mwanachama mpya husubiri idhini ya wasimamizi. Nilijua sababu. Huku kwetu uvumi mmoja tu huwatoa watu majumbani wakikimbia, magodoro vichwani. Lakini kujua hakukunituliza. Nikaandika tena, ujumbe wa pili ukafutwa, eti nimerudia. Wenyeji wa kundi walikuwa wanabishana juu ya mpira, nami nasoma tu, vidole vinaniwasha.

Alasiri mama akaingia, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Minye nilikuwa Mutarule," akasema. "Tulikuwa tunangojea maji ya mto ipunguke. Weye iko na nini?"

Nilimshika mkono, nikamketisha.

Alipokuwa ananawa miguu, simu ikatetemeka. Ujumbe wangu ulikuwa umeruhusiwa, na mtu mmoja wa Mutarule alikuwa amejibu: anatoka na pikipiki yake kumtafuta mama kando ya mto. Na mto ulikuwa umejaa. Nikaandika haraka, "Amefika, usiende." Ujumbe huo nao ukawekwa kusubiri idhini.

Nikakimbia kwa jirani bila viatu. Yeye alikuwa wa zamani kwenye kundi, hakuna aliyemzuia. Akarekodi sauti: "Weye baba wa pikipiki, rudia nyumbani. Mama amefika, iko ananawa miguu."

Tukangoja. Kisha sauti ya mwanamume ikaja, maji yakivuma nyuma yake: "Nilishafika ku mutoni. Sawa, narudi. Mumusalimie."

Mama alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni. Akaomba ile simu ya jirani, akaishika karibu na mdomo, akamshukuru yule mtu asiyemjua kwa Kifuliiru, lugha ya huku kwetu, taratibu, akimwuliza habari za watoto wake na kama mihogo yake imepona kwenye mafuriko.