Bamba Chini ya Injini

Nilimwambia fundi alifunge kwa bolti lile bamba la kukinga injini dhidi ya mawe, ili niweze kulifungua. Mara ya kwanza nilimwambia kwa upole, mara ya pili nikiwa nimeshakasirika. Yule fundi wa kuchomelea vyuma pale Garsen akanitazama kana kwamba sijawahi kuendesha hata mkokoteni. "Bosi, bolti zitang'oka kabla ya Bangale," akasema. Akalichomelea bamba moja kwa moja chini ya injini ya lori langu, na kingo zake akazikunja juu pande zote ili matope yasiingie. Nikaondoka nimenuna.

Ukame ulikuwa umekaza. Mama mmoja Mworma wa upande wa Bangale akanipa ng'ombe wake wa mwisho niwapeleke kwenye nyasi za delta, huku kwetu Garsen. Kutembea mbali walikuwa hawawezi tena. Tuliwapakia kwa kuwainua. Mama akapanda mbele pamoja nami.

Tukiwa njiani kurudi Garsen, kabla ya kufika Madogo, tukagonga jiwe, lori zima likaruka. Nikashuka, nikalala kifudifudi kutazama chini, kama tufanyavyo madereva wote wa njia hii: mchanga ukilowa oili, umeumia, ukiwa mkavu, twende. Ulikuwa mkavu. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikufa zamani na sikuwahi kuihitaji. "Bamba limetuokoa, mama," nikasema. Hata fundi nikamsamehe.

Hatukwenda mbali. Injini ililia, ikakwama, ikazima kabisa. Nikalala tena chini, nikapitisha kidole juu ya ukingo wa bamba. Kikatoka cheusi. Jiwe lilikuwa limelisukuma bamba likapasua sampu inayobeba oili, na oili yote ilikuwa imetulia mle ndani kama mchuzi kwenye sinia, bila tone moja kudondoka. Nilimlaani fundi kwa kila lugha ninayoijua. Nikalipiga bamba teke, nikaumia mguu, nikazidi kukasirika.

Mama hakulaani mtu. Alifungua nyuma ya lori, tukawashusha ng'ombe wake, akawaelekeza mtoni kwa miguu.

"Gari yako iko na chuma, haiendi," akaniambia, kisha akawanyooshea ng'ombe mkono. "Hii haina chuma. Itaenda."

Mmoja alilala pale pale kwenye kivuli cha lori, akakataa kuinuka. Mama alimshika pembe kwa muda, kisha akamwachia, akawafuata waliobaki.