Tulivyokwenda Mbeya Kumtoa Kaka Tito Rumande

Nianze na upumbavu wangu, maana bila huo nisingefika Mbeya: nilimpelekea mama nusu ya habari, nusu ya pili nikaimeza.

Habari yenyewe ililetwa mtaani kwetu Mlandege, Iringa, na tanboi wa lori la mizigo, likizo ya Juni iliyopita. Alinikuta kibarazani nikijifanya nasoma Jiografia.

"Wewe ndiye mdogo wake Tito?" aliuliza akiwa juu ya lori, hata mguu hakuteremsha. "Mwambie mama yako, Tito amepata mdhamini. Kuna kampuni inajenga barabara kule Zambia, inamtaka awe msaidizi wa meneja wa mradi. Wenyewe ndio watamwombea kibali cha kufanya kazi kule. Ila wanataka mtu mzima wa kwao afike Mbalizi, pale karibu na Mbeya, kabla ya Jumamosi, waongee naye. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia yote, siwezi kusingizia masikio.

Kaka Tito alikuwa kwenye reli ya Wachina tangu ilipopita Makambako mpaka ilipokwisha. Alianza kwa kubeba zege, akamaliza akiwa na genge lake la kujenga makalavati. Reli ilipokwisha na kazi ikaisha, akabaki Mbalizi kutafuta nyingine. Mama alikuwa akimwombea kila Jumapili kanisani, kwa sauti, mpaka watu wa benchi la mbele wakawa wanalijua ombi kwa kichwa.

Nikaingia jikoni nimevuta uso. "Mama, kaka Tito amepata mdhamini. Anataka mtu mzima aende Mbeya kabla ya Jumamosi."

Hapo nikanyamaza. Nilitaka kidogo tu nione uso wake, halafu nimalizie. Lakini mtaani kwetu mdhamini ana kazi moja: kwenda polisi kukutoa. Mtu hapati mdhamini kabla hajapata pingu. Mama aliweka mwiko chini, akafunga kanga kiunoni, akatoka. Kabla sijafika mlangoni alikuwa kwa baba mdogo Elia.

Baba mdogo ni balozi wa nyumba kumi, na tangu baba yetu afariki ndiye mkubwa wetu. Amewadhamini walevi wote wa mtaa, na wawili wa mtaa wa pili. Ana koti jeusi analolivaa kwa shughuli hiyo peke yake. Mama alipomaliza kueleza, koti lilikuwa tayari mwilini.

"Ameiba nini?" akaniuliza.

"Tanboi hakusema, baba mdogo."

Si uongo. Tanboi kweli hakusema.

"Kesho alfajiri tunapanda basi. Na wewe uliyesikia kwa masikio yako, twende wote. Usije ukaniacha huko naulizwa maneno nisiyoyajua."

Ninyi wenzangu mnajua nilikuwa sijawahi kuvuka Mafinga. Ningeitapika ile nusu ya pili pale pale, safari ya Mbeya ingekuwa ya baba mdogo peke yake, na mimi ningebaki kupasua kuni. Nikaimeza vizuri, ikashuka.

Alfajiri, Iringa. Mama alitusindikiza mpaka stendi. Hakulia. Alinipa blanketi nimpelekee kaka, akasema, "Mwambie asikubali kosa ambalo hakufanya. Na alilofanya, akubali." Basi lilipoanza kuteremka mlima kwenda Ipogolo, nilimwona bado amesimama, mikono kichwani. Hapo ndipo nusu ya habari ilipoanza kunikereketa tumboni. Nikadhani ni njaa.

Mafinga. Baridi ya Juni pale haina adabu, inaingia kwenye suruali bila kubisha. Ukungu umekaa barabarani kama umekodi. Akina mama wauza mahindi ya kuchoma walitusalimu "Kamwene!" nasi tukaitikia meno yakigongana. Nililiangalia lile blanketi. Baba mdogo akaniona.

"La mfungwa hilo."

"Namtunzia joto, baba mdogo."

"Mtunzie kwa macho."

Makambako. Hapa barabara na reli zinakutana, na baba mdogo alinyoosha kidole dirishani kama mwenye mali. "Unaona reli ile? Kaka yako kaijenga." Halafu akakumbuka tunakwenda wapi, akarudisha kidole. Baadaye kidogo akasema polepole, "Labda wamemsingizia msumari."

Igawa, mchana unaanza. Unateremka kutoka kwenye baridi, unaangukia ndani ya sufuria. Huku ni Usangu, mchanga na jua na ng'ombe mpaka upeo wa macho. Basi lilisimama abiria wanunue mchele, akapanda Msukuma mmoja mrefu na fimbo yake, akakaa nasi. Alituambia wamehama na ng'ombe kutoka Shinyanga.

"Nani aliwadhamini kuja huku mbali?" aliuliza baba mdogo, ambaye siku hiyo hakuwa na neno lingine kichwani.

"Nyasi," alijibu Msukuma.

"Na mama yako?"

"Tulimwacha nyumbani. Mtu akija huku, mama humpa salamu atuletee. Anasalimia ng'ombe kwanza, kwa majina, halafu sisi, kwa ujumla."

Basi zima lilicheka. Baba mdogo alicheka mpaka koti likafunguka kifungo, nami nikaona mlango umefunguka.

"Baba mdogo," nikasema, "na kama Tito hajafungwa?"

Akanigeukia kwa huruma. "Mwanangu, nimedhamini watu miaka mingi. Wote hawajafungwa. Ukiwauliza, kila mmoja alikuwa anapita tu."

Mlango ukafungwa. Nikala karanga.

Mbeya, saa nane mchana. Mji umekaa chini ya mlima Loleza kama mtoto aliyeambiwa asitoke nje. Ningependa kuwasimulia soko na maduka yake, lakini baba mdogo haendi mji wa watu kuangalia maduka. Tulikwenda moja kwa moja polisi. Askari wa zamu, kijana mpole, alitusikiliza, akaangalia, akasema hawana Tito yeyote.

"Mna uhakika?"

"Mzee, labda umtafute hospitali."

Tulipotoka, baba mdogo alikuwa amebadilika rangi. "Kesi ni kubwa. Wamemhamisha."

Hapo ningesema. Wallahi nilifungua mdomo, lakini kilichotoka ni: "Tanboi alitaja Mbalizi." Mdomo wangu una woga kuliko mimi.

Mbalizi. Lori la viazi lilitupa lifti. Tulipouliza wenyeji kama wanamjua Tito wa reli, mama mmoja muuza ndizi alituonyesha uwanja uliozungushiwa waya, nje kidogo ya soko. Ndani kulikuwa na magreda mawili, mapipa ya lami, na hema la turubai. Baba mdogo aliona waya, akakaza mwendo. Kwake waya ni waya.

Ndani ya hema kaka Tito alikuwa amekaa mbele ya meza, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa mpaka zinasikitika. Ng'ambo ya meza alikuwa bwana mmoja mnene amevaa kaki yenye mifuko mingi. Huyo ni Bwana Simwinga, Mnyamwanga wa upande wa Zambia, meneja mwenyewe wa mradi, ingawa wakati ule sisi tuliona kaki tu.

"Afande," baba mdogo alianza, kofia mkononi, "mimi ni baba yake mdogo. Nimetoka Iringa leo leo. Kijana huyu tumemlea kanisani. Hajawahi kuiba. Na kama ameiba, basi ni mara yake ya kwanza."

Nimewahi kusikia kimya cha mtihani wa hesabu. Hiki kilikuwa na lami.

"Baba mdogo!" kaka alisema.

"Nyamaza wewe, naongea na mkubwa wako."

Bwana Simwinga aliweka kalamu chini. "Tito. Hukuniambia una kesi."

"Sina kesi!"

"Wote wanasema hivyo," baba mdogo alimweleza Bwana Simwinga, kwa faida yake.

"Sikilizeni," alisema Bwana Simwinga, na sauti yake haikuwa kali, ndiyo maana iliniogopesha. "Kibali cha kijana huyu kinatoka kwa jina la kampuni. Akiharibu kule, Uhamiaji hawamwiti yeye, wananiita mimi. Vijana niliowachukua kabla yake walikimbilia migodini kazi ikiwa katikati, na barabara ikabaki nusu. Ndiyo maana niliomba mtu mzima wa kwao. Sasa mtu mzima amekuja, na amekuja na wizi. Bwana Tito, nadhani tuache."

 Kaka alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Hapo ile nusu ya pili ikapanda yenyewe.

"Hakuna wizi!" nikapiga kelele. "Tanboi alisema mdhamini wa kazi! Mimi nilimwambia mama mdhamini tu, nikaacha la kazi. Nilikuwa nataka kuona uso wake. Halafu nikataka kuona Mbeya."

Wote watatu walinigeukia. Blanketi lilianguka.

"Zaka," kaka alisema taratibu, "nikishafika Zambia nitarudi makusudi kukupiga."

Lakini Bwana Simwinga alikuwa bado anamtazama baba mdogo. "Mzee. Ulipopanda basi uliamini kabisa huyu ameiba?"

"Niliamini."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kuweka jina langu."

"Jina lako, kwa mwizi?"

"Kwa mtoto wangu," baba mdogo alisema, na sasa alivaa kofia. "Wizi ungekuwa wake. Jina ni letu sote. Ningeliacha limelala ndani peke yake?"

Bwana Simwinga alikuna kidevu. Halafu akacheka, kwanza mifuko, kisha tumbo, mwisho uso. "Mtu anayetoka Iringa kumdhamini mwizi, atashindwa kumdhamini huyu asiye na kosa? Kaa, mzee. Mimi nitamdhamini kwa serikali ya Zambia, wewe utamdhamini kwangu. Akikimbilia migodini, nakuja Mlandege."

"Njoo," alisema baba mdogo. "Nitakuwa nimeshamkamata."

Jioni, uani kwa mama mwenye nyumba wa kaka. Ni Mnyakyusa, alitupikia ndizi nyingi kuliko midomo tuliyokuwa nayo, na kila tukisema tumeshiba anadhani ni salamu. Nikamuuliza kaka, meneja wa mradi anajenga nini hasa, maana Bwana Simwinga sikumwona akishika hata koleo.

"Hajengi kitu," alisema. "Mchina wangu wa kule relini, ndiye aliyekuwa meneja wetu, alikuwa na Kiswahili kidogo. Kila jioni anapita kwenye genge anauliza swali moja: 'Kesho nini hakuna?' Sisi tunamwonyesha kokoto zilizopo, saruji iliyopo, naye anakataa. Anataka kisichokuwapo. Mwanzo tulimcheka. Halafu magenge mengine yakawa yanakaa siku nzima kungoja dizeli, sisi tunafanya kazi. Basi nikajifunza. Dizeli ifike kabla ya greda, greda kabla ya kokoto, na mpishi kabla ya wote. Bwana Simwinga aliponitaka nimweleze kazi, nilimwambia hilo tu."

"Na mshahara wa kufikiria visivyokuwapo ni mkubwa?"

"Unakuzidi wewe, unayevitangaza."

Jumamosi asubuhi. Landrova ya kampuni ilimchukua kaka kuelekea Tunduma. Alikaa nyuma, juu ya mahema, blanketi la mama begani. Hakunipiga. Alinishika kichwa kwa nguvu kidogo, akasema, "Mwambie mama yote. Yote, Zaka." Landrova ikapanda mwinuko, ikageuka, likabaki vumbi.

Njia ya kurudi haina mengi, maana baba mdogo hakuongea nami. Aliongea na abiria. Igawa alimwambia kondakta, "Unamwona huyu? Alimfunga mwanangu bila polisi." Makambako walijua basi zima. Mafinga mama mmoja muuza mahindi alinipa la bure, akasema nile, huenda ni la mwisho.

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema masimulizi ya safari lazima yawe na funzo. Haya. Nimejifunza kwamba mtu akikudhamini anakuazima jina lake, na jina la mtu si baiskeli, huwezi kulirudisha limepata pancha ukasema samahani. Pia nimejifunza kwamba Mafinga uende na blanketi lako mwenyewe.

Mlandege, jua linazama. Mama alikuwa mlangoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama karibu na njia, kwa usalama. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kaka atarudi lini, baba mdogo akasema mkataba ukiisha. Aliuliza kama ni mbali kuliko Mbeya, nikasema Mbeya ndiko kunakoanzia. Nilingoja fimbo. Mama alikaa kwenye kizingiti, akatazama barabara inayoteremka, akasema:

"Angekuwa rumande, ningejua mlango wa kugonga. Sasa huko Zambia nigonge wapi?"